Kapera wa Chini ya Daraja

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimelinunua leo na kazi yake ni moja: ushahidi. Kwenye kazi iliyopita watu walisema neno asubuhi wakalikana jioni, na lawama zote nikabebeshwa mimi. Safari hii kila kitu kitaandikwa, na siku yake. Atakayekana nitamsomea.

Kazi ni daraja. Boriti ya chuma ya upande wa chini, karibu na nguzo ya tatu, imepata ufa wa urefu wa kiganja. Ukiuchomelea, moto utazaa nyufa nyingine pembeni. Kwa hiyo tunaubandika kiraka: matabaka manane ya kitambaa cha kaboni kilicholoweshwa gundi, moja juu ya jingine, mpaka yakauke yawe kitu kimoja kigumu kinachobeba mzigo pamoja na chuma. Kubandika ni kazi ya shemeji, mume wa dada yangu. Kazi yangu ni kulaza uzi wa kioo katikati ya matabaka hayo, mwembamba kama unywele, na kuupitishia mwanga. Lori likipita, boriti inavutika, uzi unavutika nayo, na mwanga unarudi umebadilika rangi kidogo sana. Jicho halioni. Mashine yangu inaona. Shemeji anafunga kidonda, mimi naacha kipimo ndani ya bandeji.

Mhandisi mkuu amekuja kutusalimia na viatu vyake vyeupe. Nimemwambia bomba la kutolea maji ya barabarani, lile lililo juu kabisa ya ufa, limeziba takataka na mvua ziko mlangoni. Akajibu, "Hakuna shida." Nimemwambia mashine aliyotukodia inaonyesha hesabu ya mwisho tu, haionyeshi kila uzi peke yake. "Hakuna shida." Basi na mimi nimeshampa jina, na kufikia saa kumi kazi nzima ilikuwa inamwita Hakuna Shida. Mimi wananiita Pilipili, wanadhani sijui.

Alhamisi, 6 Machi

Msasa na vumbi la kutu kutwa nzima. Pua imejaa daraja.

Shemeji ananichekesha hata nisipotaka. Nyuzi zangu ni mbili. Wa kwanza unazikwa ndani ya gundi, kwa hiyo unahisi mvuto na joto kwa pamoja. Wa pili unakaa ndani ya mrija mwembamba kando yake. Mkia wake umegandishwa, lakini mdomo wa mrija unaachwa wazi ili uzi uteleze, usivutwe na chochote, uhisi joto peke yake. Ukitoa wa pili kwenye wa kwanza, kinachobaki ni mzigo halisi. Nikamweleza hayo yote kwa makini, naye akasema, "Nimeelewa, shemeji. Huyu wa kwanza ni mwenye ndoa. Daraja likivutwa naye anavutwa, hana pa kwenda. Huyu wa pili ni kapera. Jua anapigwa kama wengine, lakini mizigo ya watu haimhusu."

"Dada akikusikia leo utalala nje."

"Ndiyo hapo nitakapomwonea wivu kapera."

Sasa kila mtu anasema "mwenye ndoa" na "kapera", hata Hakuna Shida kwenye barua pepe zake.

Jumanne, 11 Machi

Siku imepotea bure. Matabaka yamekatwa, gundi iko tayari, mimi nimeshika uzi tangu saa mbili, na shemeji kakataa kuanza. Kipimo cha unyevu kinasoma tisini na moja, yeye anataka kishuke chini ya themanini. Kawasha hita ndani ya hema la turubai, kaketi juu ya ndoo anapiga mluzi. Hakuna Shida kamfokea. Mimi nimemfokea. Nimemwambia mvua kubwa inakuja na yeye anapiga mluzi kama anasubiri chai.

"Gundi ikinywa maji haisameheki, shemeji," alisema. Basi. Akaendelea na mluzi wake.

Mzembe amepata kisingizio cha kitaalamu. Naandika ili ijulikane nani alichelewesha.

Jumatano, 12 Machi

Unyevu sabini na nne. Kiraka kimelala. Tabaka la kwanza ni la kitambaa cha nyuzi za kioo ili kaboni isigusane na chuma kikaoza, kisha kaboni, kisha uzi wangu, kisha kaboni tena. Shemeji alikandamiza kila tabaka kwa rola yake ndogo kutoka katikati kwenda nje, akifukuza hewa, bila haraka, kama mtu anayepapasa mgongo wa mtoto alale. Nakiri ilipendeza. Lakini ya jana ni ya jana.

Jumamosi, 15 Machi

Anayetaka kujua kwa nini nina hasira asome hapa.

Saa nane mchana mvua ilishuka kwa kishindo. Lile bomba nililolisema tarehe tatu lilishindwa, na maji yote ya barabarani yakamwagikia kwenye kiraka changu. Wanaume wakatimua mbio kwenda kontena la ofisi. Wote! Shemeji alibaki kidogo akishikilia turubai, upepo ukalichana, akapiga kelele kwamba anakwenda kutafuta jingine. Sikumwona tena kwa nusu saa. Nikabaki peke yangu juu ya jukwaa la kufanyia kazi, mto unanguruma chini ya miguu, maji yanashuka moja kwa moja kwenye mdomo wa mrija wa kapera. Grisi ya kuzibia ilikuwa kontena. Mguuni pangu palikuwa na kopo la gundi ya dakika tano. Nikachota kwa kidole, nikaziba mdomo wa mrija, nikashikilia hapo mpaka ikashika. Kesho nitaibandua niweke grisi.

Hakuna hata mmoja aliyerudi kuuliza kama nimechukuliwa na maji. Leo kitu kimoja tu kimefanywa sawasawa, na nimekifanya mimi.

Nimelowa mpaka kwenye mifupa. Koo linauma.

Jumapili, 16 Machi

Homa.

Jumanne, 18 Machi

Homa. Dada amevuka daraja kuniletea uji, akakaa kitandani ananipepea na daftari hili hili. Nimemwomba aliweke chini.

Alhamisi, 20 Machi

Nimerudi kazini miguu bado inatetemeka, nakuta boksi la viungio vya uzi, pale kapera anapotokea, limefungwa boliti zote nne, likapigwa mpira wa kuzuia maji, likapakwa rangi. Nilimshukia shemeji mbele za watu. Nani kakwambia ulifunge bila mimi? Hili ni boksi la nani?

"Mvua, shemeji. Nilisema lisije likaingia maji wewe umelala." Alifungua mdomo kama anayetaka kuuliza kitu, akanitazama, akaufunga.

Kazi ya usafi ameifanya vizuri, siwezi kusema uongo. Lakini mtu aombe ruhusa.

Jumatatu, 24 Machi

Daraja limefunguliwa kwa magari. Mabasi, malori ya kokoto, tangi la mafuta. Nimekaa mbele ya mashine kuanzia asubuhi. Mstari umelala. Hakuna Shida akainama begani kwangu, marashi yake yakanifanya nipige chafya. "Unaona? Umetulia kama maji ya mtungi. Nilisema hakuna shida."

Basi la shule la binti yangu lilipita saa kumi na dakika tano. Alinipungia mkono dirishani.

Ijumaa, 28 Machi

Mstari umelala.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua siku ya tano. Mto umefika alama ya kwanza kwenye nguzo. Mstari umelala.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimepoteza usingizi kwa sababu ya mstari ulionyooka. Watu wanafikiri mstari ukilala ni heri. Si heri. Kiraka kinachofanya kazi lazima kistuke kila lori linapopita, kinyanyuke na kushuka kama kifua cha mtu anayepumua. Kiraka kisichostuka hakibebi kitu. Na kiraka kisichobeba kitu kimebanduka, kinaning'inia tu pale kama pambo, na ufa chini yake unaendelea kula chuma, na juu yake linapita basi lenye watoto arobaini, mmoja wao wangu.

Nimemweleza Hakuna Shida mara tatu leo. Mara ya tatu alinishika bega akaniuliza kama ile homa imeisha kabisa.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeandika ripoti. Nimeituma makao makuu moja kwa moja, nikampa Hakuna Shida nakala tu. Liwalo na liwe.

Kabla ya kutuma nilimwita shemeji nikamwonyesha, kwa sababu ni ndugu. Kiraka kimebanduka, nilimwambia, na kiraka hakibanduki chenyewe. Ama chuma hakikusafishwa, ama gundi ililala kwenye unyevu. Yote mawili ni mikono yako.

Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kisha akatoa sarafu mfukoni. "Twende ukagonge basi. Gonga kiraka chote, kona mpaka kona. Palipobanduka patalia pu, kama boksi tupu. Palipo pazima patalia ti. Sikio halihitaji umeme."

"Sikio la nani? La aliyebandika?"

"La kwako, shemeji. Gonga wewe."

"Uzi haudanganyi," nikamwambia. Na nikabonyeza kitufe cha kutuma mbele ya macho yake. Nilifurahi, naandika bila aibu. Wiki tano nzima nimekuwa nikisema na kuta, leo kuna mtu atanisikia.

Ijumaa, 11 Aprili

Wamenisikia. Daraja limefungwa kwa magari, wenye miguu tu ndio wanapita. Na Hakuna Shida, ambaye juzi alikuwa ananipima homa, leo kasimama mlangoni kwa kontena na ripoti yangu mkononi, anaisoma kwa sauti kama aliyeiandika yeye. Alipofika kwenye "ilibandikwa kwenye unyevu" akamtazama shemeji. Kamwachisha kazi hapo hapo, mbele ya watu kumi na wawili. Huyu aliyekuwa anamfokea abandike haraka! Nilitaka kusema. Lakini ningesema nini, na maneno ni yangu?

Shemeji aliweka rola yake kwenye ndoo, akaifuta kwanza. Hakupiga mluzi.

Jumatatu, 14 Aprili

Basi la shule linazunguka kwa daraja la juu, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Binti yangu ameamka saa kumi alfajiri. Akaniuliza akiwa anafunga viatu, "Mama, ni kweli baba mkubwa aliharibu daraja?"

"Alifanya kazi mbaya."

"Yeye? Baba mkubwa anayepima chumvi kwa kijiko?"

Nikamwambia atachelewa.

Alhamisi, 17 Aprili

Dada alikuja. Hakukaa. Alisimama jikoni kwangu, kanga imelowa mabegani, mwavuli unachuruzika sakafuni.

"Mdogo wangu, nakuuliza jambo moja tu. Ulihakikisha?"

"Mashine imehakikisha."

"Sijakuuliza mashine. Mume wangu ameomba kazi sehemu mbili. Kote wameshasikia. Mmoja kamwambia, wewe si yule aliyetaka kuua watoto wa shule? Anakaa nyumbani anaziba tangi la maji lisilovuja. Nakuuliza wewe. Ulihakikisha?"

Nilikasirika. Nilimwambia nisilaumiwe kwa sababu nimesema ukweli, kwamba udugu haushikilii boriti, kwamba mimi pia nina mtoto kwenye lile basi. Nilisema mengi, na kwa sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama yetu alikuwa anasema nini?" akauliza. "Hasira, hasara. Wewe ulikuwa unadhani anatuimbia." Akafungua mwavuli wake humo humo ndani, akatoka.

Jumanne, 22 Aprili

Uamuzi umetoka: kiraka kinang'olewa Ijumaa, kwa grainda, kisha kitabandikwa kingine mvua zikiisha. Nimeuliza ufa utakaa wazi wiki ngapi. Sita, labda nane. Mto umepita alama ya pili na unasukuma magogo kwenye nguzo. Hakuna Shida akasema daraja si limefungwa, hakuna shida. Nimetazama ile boriti na kwa mara ya kwanza msimu huu nikahisi hofu badala ya hasira.

Jumatano, 23 Aprili

Nilipanda jukwaani asubuhi kuweka alama mahali pa kukatia nyuzi zangu, wasije wakazichana ovyo. Nilikuwa peke yangu. Mvua nyepesi. Mfukoni nilikuwa na sarafu.

Sikupanda kwa ajili ya kugonga. Naapa. Niligonga mara moja tu, kona ya chini, pale viraka huanzia kubanduka siku zote.

Ti.

Nikagonga pembeni. Ti. Nikaenda kiganja kwa kiganja, kona mpaka kona, nikarudi katikati juu ya ufa wenyewe. Ti, ti, ti, ti. Hakuna pu hata moja. Kiraka kimeshika chuma kama kucha na kidole.

Nilitukana kwa sauti, kuanzia mashine na aliyeikodi mpaka mvua. Nilimtukana hata shemeji, kwa kubandika vizuri. Kama kiraka ni kizima, basi uzi unadanganya, na kama uzi unadanganya kuna mtu kaugusa. Nani kaugusa? Nani alifunga boksi mimi sipo? Nilishuka ngazi huku nimeshampata mtu wangu: ni yeye shemeji, kaingiza rangi au mpira mahali pasipotakiwa. Nitarudi nyumbani nifungue daftari, nitafute siku aliyolifunga, nimsomee.

Ni saa saba mchana sasa. Niko mezani jikoni. Nimefungua daftari kutafuta tarehe ishirini ya Machi. Kurasa zilikuwa zimegandana kwa unyevu, nikapitiliza nyuma.

Tarehe kumi na tano.

"Nikachota kwa kidole, nikaziba mdomo wa mrija, nikashikilia hapo mpaka ikashika. Kesho nitaibandua niweke grisi."

Kesho yake nilikuwa na homa.

Nimeisoma mara saba. Mwandiko ni wangu, mkali, kalamu imetoboa karatasi. Mkia wa kapera umegandishwa na mdomo nimeugandisha mimi. Hana tena pa kuteleza. Daraja likivutwa anavutwa, sawasawa na mwenye ndoa. Nikitoa huyu kwenye yule, kinabaki sifuri, lori lipite lisipite. Mwezi mzima nimekuwa nikisoma sifuri niliyoitengeneza kwa kidole changu, na kwa sifuri hiyo nimemvua mtu nguo mbele ya watu kumi na wawili.

Na nimeona mengine. Tarehe kumi na moja nimemwita mzembe kwa sababu alingoja unyevu ushuke. Tarehe nane Aprili nimeandika gundi ililala kwenye unyevu. Daftari ni moja, na aliyeandika ni mmoja. Nyani haoni kundule, nimelisikia neno hilo tangu utotoni na siku zote nilimfikiria nyani mwingine.

Sina wa kumkasirikia. Nimezunguka jikoni namtafuta.

Alhamisi, 24 Aprili

Nilivuka daraja kwa miguu saa moja asubuhi, mto ukitetemesha reli chini ya kiganja. Shemeji alikuwa uani kwake, ameegemea tangi la plastiki. Dada aliniona dirishani, akashusha pazia.

Nilifungua daftari nimsomee. Akainua mkono. "Ni mdomo wa mrija?"

Nikafunga daftari. "Ulijua?"

"Niliona umezibwa kwa gundi siku nafunga boksi. Nikajiuliza, kapera si alitakiwa awe huru? Nikasema labda kuna utaalamu wake. Nikasema nitamuuliza akipona." Akachuna kipande cha gundi iliyokauka kwenye kidole gumba. "Ukapona, ukaja, ukanipigia kelele kabla sijasema hujambo. Nani angekuuliza wewe, shemeji? Kazi nzima ile, nani anathubutu kukuuliza kitu?"

Hakusema kwa ukali. Angepaza sauti ningejua la kufanya.

"Na siku ya ripoti? Mbona hukusema?"

"Nilikuambia ugonge. Ungegonga, ungejua kiraka ni kizima, tatizo ungelitafuta mwenyewe. Nilitaka uligundue wewe, usiaibike." Akacheka kidogo, bila furaha. "Kumbe nilikuwa najichimbia."

Nilianza kuomba msamaha. Akasema, "Si hapa. Hapa wanajua mimi ni nani. Kasome kule."

Tukaenda. Watu walikuwa kontena wanagawana miwani ya grainda kwa ajili ya kesho. Nilimwambia Hakuna Shida nina neno, akanivuta pembeni. Nilipomweleza, alifumba macho, akafumbua, na akaniletea zawadi. "Sikiliza. Makao makuu wasijue ni wewe. Tuseme gundi ilichuruzika yenyewe ndani ya mrija, joto, unyevu, mambo ya mvua. Kiraka kinabaki, wewe unabaki, fundi tunamrudisha kimyakimya. Hakuna shida."

Na Mungu ananiona, nilisita. Nilihesabu moja mpaka tano kichwani. Uongo ule ulikuwa laini na wenye joto kama shuka.

Kisha hasira ikaja, ile ile ya kila siku, na kwa mara ya kwanza ilikuja mahali pake. Nilipanda juu ya ndoo ya shemeji katikati ya kontena. Nikawasomea watu kumi na wawili tarehe kumi na moja, tarehe kumi na tano na tarehe nane Aprili, neno kwa neno, pamoja na "mzembe", pamoja na "leo kitu kimoja tu kimefanywa sawasawa, na nimekifanya mimi". Mtu mmoja nyuma alicheka hapo, na alikuwa na haki. Nilimaliza nikasema kiraka ni kizima, fundi wa kiraka hana kosa, ripoti yangu ni ya uongo na leo nitaandika nyingine.

Mvua ilipiga juu ya bati. Shemeji alikuwa mlangoni, anatazama mto.

Ijumaa, 25 Aprili

Grainda zimerudi stoo.

Nilifungua boksi, nikakata gundi kwa wembe, chembe kwa chembe, kwa sababu uzi ni unywele na wembe ni wembe. Shemeji alikuja kunishikia taa, ingawa hakuna aliyemwita. Saa nne na robo kapera aliteleza. Niliusikia kwenye ncha za vidole. Nikaweka grisi.

Wakaruhusu lori moja la kokoto, mwendo wa pole. Tulikuwa wawili mbele ya mashine. Magurudumu ya mbele yalipofika juu ya nguzo ya tatu mstari ukanyanyuka, ukapanda, ukakaa juu kwa muda ambao lori lilikuwa juu yetu, ukashuka polepole. Nilikuwa nimeungoja mwezi mzima.

Shemeji aliutazama mpaka ukatulia. "Kiraka changu kilikuwa kizima, shemeji," alisema. Akazima taa, akanipa mkononi, akaondoka.

Jumatatu, 28 Aprili

Daraja limefunguliwa. Binti yangu amelala mpaka saa kumi na mbili. Barua ya makao makuu: mimi onyo, shemeji arudishwe kazini na aombwe radhi. Hakuna Shida amehamishiwa mradi mwingine, ameondoka na viatu vyake vyeupe.

Ijumaa, 2 Mei

Bomba la maji ya barabarani limezibuliwa. Nimelizibua mwenyewe, kwa fimbo. Fundi mpya wa umeme alisogea akasimama nyuma yangu muda mrefu. Nilikuwa karibu kumuuliza anatazama nini. Nikamwuliza, "Unataka kuuliza kitu?" Akashtuka, akauliza. Lilikuwa swali zuri.

Jumatano, 7 Mei

Shemeji amekataa kurudi. Kapata kazi ya kuziba mabomba ya kiwanda, mji mwingine, wiki mbili huko, wiki moja nyumbani. Kaja kuchukua ndoo na rola yake tu. Alimpa mkono kila mtu, na mimi pia, mkono wa watu wanaofahamiana kazini.

Juu ya boksi nimeandika kwa rangi nyekundu: MDOMO WA MRIJA USIZIBWE KWA GUNDI. Chini yake nimeandika jina la aliyewahi kuuziba, kamili, na la baba yangu.

Jumamosi, 10 Mei

Jua. Malori thelathini na nane mpaka saa sita, na mstari umenyanyuka mara thelathini na nane. Kila mara naiona ile rola ndogo ikitoka katikati kwenda nje.

Dada amepiga simu. Wiki tatu nzima hatujasemezana. Hakusema habari za asubuhi.

"Hajasafiri bado, kesho yupo nyumbani. Njoo ule na sisi."

Nikamwambia nitakuja. Nikamwambia asante. Nilitaka kuongeza mengine, akanikatiza.

"Ila hilo daftari lako usije nalo."

Nimemwambia sawa.